Karatasi Kwanza, Firimbi Baadaye

Hotuba kwa makatibu wapya wa matawi ya vyama vya walimu, wahadhiri na wahudumu wa afya, Mombasa. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti, makatibu wapya wa matawi, walimu, wahadhiri, wauguzi, matabibu, madaktari: hamjambo? Na nyinyi wa nyuma mliojibanza karibu na birika la chai, hamjambo?

Mmechaguliwa. Hongereni, tena poleni. Hongereni kwa kuwa wenzenu wamewaamini. Poleni kwa kuwa kuanzia Jumatatu simu zenu hazitalala, na swali litakuwa moja: "Katibu, tunagoma lini?" Hakuna atakayewapigia saa nne usiku kuuliza, "Katibu, mkataba wetu ulisajiliwa mahakamani tarehe ngapi?" Hotuba yangu yote ni juu ya swali hilo lisiloulizwa.

Tuko Mombasa, basi tuanze na Mombasa. Januari 1947 mji huu ulisimama. Makuli wa bandarini, wafanyikazi wa reli, wa mahoteli, wapishi wa majumbani, watu zaidi ya 15,000 waliacha kazi kwa karibu wiki mbili. Kila siku walikusanyika uwanja wa Kiembeni kupashana habari na kuamua pamoja. Kutokana na mgomo huo kikapata nguvu chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa sauti yake. Serikali ya kikoloni iliunda jopo chini ya Jaji Thacker, na jopo hilo likaongeza mishahara. Kabla mwaka haujaisha, Kibachia alikuwa amekamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Kiongozi aliondolewa. Uamuzi wa jopo, kwa kuwa ulikuwa umeandikwa, ulibaki.

Kwa nini nawarudisha huko nyuma? Kwa sababu kuna fikra inayotembea katika vyumba vya walimu na vyumba vya madaktari hadi leo, kwamba kugoma ni mambo ya makuli. Kwamba mtu mwenye shahada hapigi firimbi barabarani akiwa na tawi la mti mkononi. Na fikra hiyo ina dada yake mwenye adabu zaidi, anaitwa wito. "Ualimu ni wito." "Udaktari ni wito." Mwalimu ni mshumaa, humulika wengine huku akiyeyuka. Malipo ya mwalimu yako mbinguni. Mmewahi kuyasikia? (Vicheko.) Mimi sina ugomvi na mbinguni. Lakini karo ya mtoto wa mwalimu inalipwa hapa duniani, tena kwa paybill, na mwenye nyumba hapokei baraka kama kodi.

Niwaambie jambo ambalo wengi wenu mnalisherehekea kila mwaka bila kulisoma. Tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, haikuchaguliwa kwa bahati. Ni tarehe ambayo mwaka 1966 Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO walipitisha pendekezo kuhusu hadhi ya walimu. Ndani yake imesemwa kwamba mishahara na masharti ya kazi ya walimu iamuliwe kwa mazungumzo kati ya vyama vyao na waajiri. Aya ya 84 inaendelea: mazungumzo yakivunjika, au njia zilizowekwa zikimalizwa bila suluhu, vyama vya walimu viwe na haki ya kuchukua hatua zilezile ambazo vyama vingine huchukua kutetea masilahi yao. Hatua zilezile! Pendekezo hilohilo linataja wajibu wa mwalimu kwa mtoto, kurasa kwa kurasa. Walioliandika hawakuona kwamba wito na mshahara haviwezi kukaa chumba kimoja. Na Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 41, haikusema kila mfanyikazi ana haki ya kugoma isipokuwa mwenye wito.

Hilo la kwanza, kwamba hata mwenye wito ana haki ya kugoma, nalipita haraka kwa sababu humu ndani sihitaji kulisukuma sana. Mtalihitaji zaidi mbele ya wazazi.

La pili ndilo lililonileta. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mgomo pia ni mali. Una gharama, una jasho, una watu wanaokosa mshahara. Ushindi wake usipoingia kwenye daftari, huisha bila habari.

Chukueni 1997. Oktoba mwaka ule, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni, chama cha walimu cha KNUT chini ya Ambrose Adongo iliita mgomo, na kwa siku chache tu ilipata kitu ambacho hakuna chama cha walimu kilichokuwa kimekiota: nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu tano. Ikachapishwa kama Tangazo la Kisheria namba 534 la 1997. Walimu walicheza. Awamu ya kwanza ikalipwa. Uchaguzi ukapita. Oktoba 1998 walimu wakagoma tena, safari hii wakidai walipwe kilichokwisha kuahidiwa, wakarudi madarasani mikono mitupu. Mwaka 2013, miaka kumi na sita baadaye, walimu waligoma kuhusu marupurupu yaliyotajwa katika tangazo lilelile. Jiulizeni: mwalimu aliyeajiriwa 1997 na kustaafu 2013 alilala na ahadi hiyo kwenye droo maisha yake yote ya kazi. Kasoro ilikuwa wapi? Walimu waligoma vizuri kabisa. Kasoro ilikuwa kwamba mkataba mkubwa kiasi kile ulifungwa chini ya joto la uchaguzi, malipo mengi yakasukumwa mbele kwa miaka, na hakukuwa na kitu cha kumbana mwajiri katika mwaka wa pili.

Sasa tusogee hospitalini. Juni 27, 2013, madaktari kupitia chama chao, KMPDU, walitia saini mkataba na Wizara ya Afya. Mkataba ulikuwa mnene: nyongeza hadi asilimia 300, idadi ya madaktari wa kuajiriwa, mafunzo, vifaa. Lakini tazameni tarehe. Kaunti zilikuwa zimeundwa miezi michache kabla, na huduma za afya zilikuwa njiani kwenda huko. Aliyetia saini Juni hakuwa tena mwajiri wa madaktari wengi mwaka ulipokwisha. Tume ya Mishahara na Marupurupu, inayoshauri kuhusu mishahara ya umma, haikuwa imetoa ushauri wake, na mkataba haukusajiliwa mahakamani.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema nini? Kifungu cha 59: mkataba wa pamoja, yaani wa chama na mwajiri, unaanza kutekelezeka kisheria ukishasajiliwa mahakamani. Kifungu cha 60: mwajiri ana siku 14 kuuwasilisha usajiliwe. Asipoupeleka, chama kinaweza kuupeleka chenyewe. Siku kumi na nne! Daftari la wiki mbili. Halikujazwa, na Desemba 5, 2016 madaktari wakatoka kwa mgomo uliochukua siku 100. Mahakama ikaagiza warudi, hawakurudi. Februari 13, 2017 maafisa saba wa chama wakapelekwa jela kwa kudharau mahakama. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa ikawatoa ili mazungumzo yaendelee, na Machi 14 mkataba wa kurejea kazini ukatiwa saini. Siku mia moja za wagonjwa kukosa madaktari, na sehemu kubwa ya siku hizo zilitumika kubishana kama karatasi ya 2013 ni mkataba au si mkataba.

Linganisheni na kilichofuata, maana hapa ndipo mtaiona thamani ya karatasi. Mwaka huohuo wa 2017 KMPDU ilipata mkataba mpya, na huo ukasajiliwa. Ulisema daktari mwanagenzi alipwe shilingi 206,400 kwa mwezi. Ikafika 2024 serikali ikasema itawalipa 70,000. Madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na katibu mkuu wao alikuwa ameumizwa kichwani na kopo la gesi ya kutoa machozi kabla hata mgomo haujaanza. Mgomo uliisha suala la wanagenzi likiwa halijakatwa. Lakini chama hakikuhitaji kujenga hoja upya. Kilikuwa na tarakimu, ukurasa na muhuri wa mahakama, na Desemba 2024 serikali ikakubali kulipa viwango vya 2017. Miaka saba karatasi ilikaa ikisubiri, haikuoza.

Mnaniuliza kimoyomoyo: basi twende mahakamani moja kwa moja, mgomo wa nini? La, makomredi. Mahakama nayo ina mipaka yake, na walimu walijifunza hilo kwa uchungu 2015. Juni 30 mwaka ule Jaji Nduma Nderi aliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 kwa miaka minne. Rais akasema serikali haiwezi kulipa na haitalipa. Muhula wa tatu ulipofunguliwa walimu hawakuingia madarasani kwa takriban wiki tano. Serikali ikafunga shule. Mshahara wa Septemba ukazuiwa. Jaji Nelson Abuodha akasimamisha mgomo kwa siku 90. Novemba, Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yote, ikisisitiza nafasi ya Tume ya Mishahara. Walimu walikuwa na hukumu mkononi, walikuwa na umoja, walikuwa na huruma ya wazazi wengi. Hawakuwa na mkataba waliouketia pamoja na mwajiri huku Tume ya Mishahara ikiwa imesikizwa.

Na mwaka uliofuata? Oktoba 2016 vyama vya walimu na mwajiri wao, tume ya TSC, vilitia saini mkataba wa miaka minne wenye thamani ya shilingi bilioni 54. Bila mgomo siku ile. Msiseme basi mgomo wa 2015 ulikuwa bure. Naamini bila 2015 meza ya 2016 isingepata haraka ile. Lakini pesa ziliingia mifukoni kwa njia ya meza.

Ngoja niongeze jambo moja ambalo litawaudhi baadhi yenu. Mkataba wa walimu wa 2021 ulichekwa sana kwa sababu haukuwa na nyongeza ya mshahara. "Mkataba wa hewa," walisema. Lakini ndani ya hewa hiyo likizo ya uzazi ilitoka siku 90 hadi 120, na ya baba kutoka 14 hadi 21. Mwulizeni mwalimu aliyejifungua 2022 kama siku thelathini ni hewa. Na kwa kuwa mkataba ulikuwepo, 2023 kilipatikana kiambatisho chenye nyongeza ya asilimia 7 hadi 10. Mkataba uliopo ni ndoano ya kuning'inizia madai. Pasipo ndoano, madai yanaanguka sakafuni.

Kisha kuna ugonjwa wa hesabu. Wahadhiri walio hapa, msinikasirikie. Mwaka 2025 UASU, chama cha wahadhiri, na wenzao waligoma siku 49, Septemba hadi Novemba, wakidai malimbikizo ya mkataba wa 2017 hadi 2021. Upande mmoja ulisema deni ni shilingi bilioni 7.9. Upande wa pili ulisema kilichobaki ni milioni 624. Mnaona pengo hilo? Watu wanaofundisha hisabati na uhasibu, na serikali yenye wahasibu wake, wana karatasi moja na majibu mawili. Mwishowe ilikubaliwa deni lilipwe kwa mafungu mawili. Funzo kwa katibu wa tawi ni dogo na la kuchosha: kila mkataba uwe na jedwali. Daraja la kazi safu ya kwanza, mshahara wa zamani safu ya pili, mshahara mpya kila Julai safu zinazofuata, na mfano mmoja uliokokotolewa hadi senti ya mwisho. Kisha andikeni ni ofisi gani itathibitisha hesabu endapo pande mbili zitatofautiana. Neno "itarekebishwa ipasavyo" likitokea popote, likateni kwa kalamu nyekundu.

La tatu: siku. Wangapi hapa wanaamini mgomo halali unahitaji notisi ya siku saba tu? Inueni mikono. (Wengi wanainua.) Hapo ndipo mawakili wa mwajiri hutuchuma kama maembe.

Siku saba ni ngazi ya mwisho. Kifungu cha 76 cha sheria ileile ya 2007 kinataka mambo matatu: mgogoro uhusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, uwe umepitia usuluhishi bila kutatuliwa, na mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama awe ametoa notisi ya maandishi ya siku saba kwa upande wa pili na kwa Waziri. Rudini nyuma sasa. Mgogoro huripotiwa kwa Waziri kwa maandishi. Waziri ana siku 21 kumteua msuluhishi. Msuluhishi ana siku 30, na pande zikikubali huongezwa. Akishindwa, hutoa cheti kwamba mgogoro haukutatuliwa. Kisha ndipo siku saba. Jumlisheni: 21 na 30 na 7 ni 58. Kwa hiyo ukitaka nguvu ya kugoma shule zikifunguliwa, tuseme Agosti 25, barua ya kwanza lazima iwe imepigwa muhuri wa kupokewa Juni 28. Muhuri wa kupokewa, nasema, na nakala yake kwenye faili lenu. Picha ya WhatsApp ya barua iliyo mezani haitoshi.

Notisi nyingi hufa kwa makosa yaleyale. Haina tarehe ya kuanza: "tutaanza hivi karibuni." Imepelekwa kwa mwalimu mkuu au msimamizi wa hospitali, naye si mwajiri. Haikupelekwa kwa Waziri. Imetiwa saini na katibu wa tawi ilhali mkataba ni wa kitaifa. Au, kosa nilipendalo kuliko yote, imesomwa mbele ya wanahabari asubuhi na kupelekwa kwa mwajiri jioni. Siku huhesabiwa toka mwajiri anapopokea, si toka taarifa ya saa saba.

Jirani zetu Tanzania wana mtego wao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka usuluhishi wa siku 30, kura ya wanachama, na notisi ya saa 48. Lakini mtumishi wa umma ana sheria yake ya majadiliano ya pamoja ya 2003, nayo inataka notisi ya siku 60. Saa 48, siku 60! Ukichukua ngazi ya nyumba isiyo yako huwezi kufika dari. Julai 30, 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliingia kwenye mgomo kikidai nyongeza ya asilimia 100, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa walio katika mazingira magumu. Agosti 2 Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikautangaza kuwa batili na kuamuru walimu warudi kazini. Siku tatu hivi. Hoja ya kama mwalimu wa kijijini anastahili posho hiyo haikupata hata nafasi ya kusikizwa.

Na mahakama ikitoa amri je? Mwajiri huenda asubuhi kwa hati ya dharura, na kabla ya saa nane amri ya muda ya kusimamisha mgomo imetoka bila nyinyi kusikizwa. Wanachama watawaambia, "Katibu, hatujaiona hiyo amri." Nyinyi mtakuwa mmeiona. Ipokeeni, andikeni saa, mtumieni wakili, toeni taarifa ya maandishi siku hiyohiyo kwamba mgomo umesitishwa kwa amri ya mahakama, kisha mrudi mahakamani kuomba iondolewe. Anayedharau amri humpa mwajiri kesi rahisi zaidi ya ile aliyokuwa nayo.

Wahudumu wa afya, kwenu kuna kizingiti cha ziada. Kifungu cha 81 cha sheria yetu ya 2007 kinakataza mgomo katika huduma muhimu, na jedwali la nne la sheria linazitaja: maji, hospitali, zimamoto, uongozaji wa ndege, feri na nyinginezo. Elimu haimo. Bado haki ya kugoma iko kwenye Katiba, na ubishi kati ya hayo mawili haujakauka. Ushauri wangu, hata kama hakuna anayewalazimisha: kabla ya siku ya kwanza muwe na orodha ya zamu za majeruhi, chumba cha kujifungulia, wagonjwa mahututi na usafishaji wa figo. Majina na saa, si ahadi. Mpeni msimamizi wa hospitali nakala na mbakize saini yake. Wauguzi waligoma siku 150 mwaka 2017. Mgomo mrefu kiasi hicho hauwezi kubebwa na huruma ya umma, na huruma huanza kukatika siku mama wa kwanza anapogeuzwa mlangoni.

Mtasikia pia wale wa mgomo baridi: tufike kazini, tutie saini, tusifanye kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu huyo hana notisi, hana cheti cha usuluhishi, hana kinga ya mgomo halali, na bado mgonjwa au mwanafunzi hapati kitu. Amejiwekea hasara ya pande zote mbili.

La nne ni wanachama wenyewe, na hapa nawaomba masikio yenu hasa.

Nguvu ya chama haiko kwenye vuvuzela. Iko kwenye peisilipu. Chama hutambuliwa na mwajiri kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyikazi kinaostahili kuwawakilisha, na anayehesabiwa ni yule aliyejaza Fomu S kukubali kukatwa ada. Anayekupigia makofi mkutanini bila Fomu S ni shabiki. KNUT ilikuwa na wanachama zaidi ya 180,000. Julai 2019 ilishinda kesi dhidi ya TSC kuhusu miongozo ya kupandishwa vyeo: mahakama ikasema wanachama wake waendelee kupandishwa kwa mfumo wa zamani. Ushindi mtamu, sivyo? TSC ikajibu kwamba nyongeza za mkataba ule wa Oktoba 2016 zimefungamana na mfumo mpya, basi wanachama wa KNUT hawatazipata. Mwisho wa mwezi mwalimu wa KNUT na jirani yake asiye wa KNUT, darasa moja, daraja moja, wakalinganisha peisilipu. Mmoja amepanda, mwingine hajapanda. Walimu wakaanza kujiondoa kwa maelfu, mapato ya chama yakaporomoka, na 2021 uongozi ukabadilika. Nani alikuwa na haki? Mnaweza kubishana hadi magharibi. Nitakachosema ni kwamba chama kilishinda mahakamani bila kuwauliza wanachama swali moja: tukishinda, nini kitatokea kwenye peisilipu yako mwezi ujao, na uko tayari kuvumilia kwa muda gani?

Ulizeni swali hilo kabla ya kila hatua. Sheria inaruhusu makato yafike theluthi mbili ya mshahara, na nyinyi mnajua wenzenu wengi wako hapohapo kwenye ukingo: mkopo wa sako, mkopo wa benki, karo. Anaishi kwa theluthi moja. Katika mgomo, hata mgomo halali, mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo kazi haikufanywa. Mshahara ukizuiwa mwezi mmoja, sako haigomi.

"Tuwe na mfuko wa mgomo," mtasema. Vizuri, tuupige hesabu. Tawi la wanachama 600, kila mmoja shilingi 100 kwa mwezi, ni 60,000. Miaka miwili, 1,440,000. Mkigawana sawa ni 2,400 kwa kila mtu, haifiki hata kodi ya chumba cha Mtwapa. Kwa hiyo msiahidi kwamba mfuko utalipa mishahara. Pesa hizo zina kazi tatu: wakili, wanachama walio na mgonjwa nyumbani, na dhamana kwa atakayekamatwa. Akaunti iwe na watia saini watatu, taarifa ibandikwe ubaoni kila muhula. Na kabla ya kutoa notisi, andikieni sako zenu kuomba marejesho yasogezwe mwezi mmoja. Baadhi zitakataa. Afadhali mjue Juni kuliko Septemba.

Wazazi nao? Mzazi wa mtahiniwa wa KCSE ana haki ya kukasirika, msimhutubie kuhusu Ibara ya 41. Mwandikieni ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi: tunadai nini, tuliomba lini, tulijibiwa nini, vipindi vilivyopotea vitafidiwaje. Apate karatasi hiyo wiki mbili kabla ya mgomo, si siku ya maandamano.

Niishie kwenye mkataba wa kurejea kazini, maana watu huuandika usiku wa manane wakiwa wamechoka, na uchovu ni kalamu mbaya. Uandikeni rasimu kabla mgomo haujaanza. Weka ndani yake tarehe na saa ya kurudi. Weka kwamba hakuna atakayeadhibiwa, kuhamishwa wala kushushwa cheo kwa kushiriki. Weka mshahara wa siku za mgomo: unalipwa, haulipwi, au unalipwa kwa kufidia muda. Weka kesi zipi zinaondolewa mahakamani na nani anaziondoa. Weka kila kiasi cha pesa na tarehe yake. Weka sahihi ya mwajiri halisi, mwenye bajeti, si msemaji wake. Kumbukeni Juni 2013. Kisha weka siku ambayo karatasi hiyo itapelekwa kusajiliwa, na jina la atakayeipeleka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Baada ya chai mtagawanyika kwa meza sita. Kila meza itapata notisi ya mgomo yenye makosa matano yaliyofichwa, na kalenda ya shule. Tafuteni makosa, kisha hesabuni kurudi nyuma hadi tarehe ya barua ya kwanza. Meza ya wahadhiri itapewa pia jedwali la malimbikizo. (Vicheko.) Kalamu nyekundu ziko mlangoni.